Nomino Zitokanazo na Vitenzi katika Kiingereza: Uhakiki wa Fasili ya Darasani

Miongoni mwa fasili ambazo mwanafunzi wa Afrika Mashariki huzihifadhi mapema na kuzisahau kwa shida ni ile isemayo kwamba, katika Kiingereza, kitenzi kikitiwa kiishio "-ing" na kutumiwa mahali pa jina huwa jerandi. Fasili hiyo ni fupi, hukaa vyema ubaoni, na humwezesha mtahiniwa kujibu swali la alama mbili. Lakini ufupi si hoja. Fasili hiyo hukusanya chini ya kiishio kimoja maneno yenye tabia mbalimbali. Huyaacha nje majina mengi yaliyozaliwa na vitenzi bila kiishio hicho. Na, lililo baya zaidi, humwachia mfasiri mazoea ya kuweka "ku-" kila aonapo "-ing". Makala haya yanaichunguza fasili hiyo kwa kutazama kwanza umbo, kisha historia, kisha mabishano ya wanasarufi wenyewe, na mwisho hasara impatayo msomaji na mfasiri anayeitegemea.

I. Umbo Moja, Tabia Nyingi

Litazamwe neno "reading". Katika sentensi "Reading the letter quickly was a mistake", neno hilo ni kiima cha sentensi, na kwa hiyo limekaa mahali pa jina. Hata hivyo, ndani ya kirai chake linatenda kama kitenzi. Limechukua yambwa, "the letter", bila kuhitaji kihusishi. Limeelezwa na kielezi, "quickly". Laweza kukanushwa kwa "not". Laweza kuonyesha kwamba tendo limekwisha, "having read". Na laweza kugeuzwa kuwa la kutendwa, "being read". Nje ni jina, ndani ni kitenzi.

Sasa itazamwe sentensi ya pili: "The quick reading of the letter was a mistake". Maana yaelekea kuwa ile ile, lakini sarufi imebadilika yote. Neno limetanguliwa na "the". Limepambwa kwa kivumishi, "quick", wala si kielezi. Na barua, iliyokuwa yambwa, sasa imefungwa kwa "of". Hakuna Mwingereza asemaye "the quickly reading of the letter", wala "quick reading the letter was a mistake". Ukichagua njia ya jina, yakupasa uifuate mpaka mwisho. Ukichagua njia ya kitenzi, vivyo hivyo. Tena lipo "readings", lenye wingi, ambalo laweza kuwa masomo yasomwayo kanisani au tarakimu zilizosomwa kwenye mita ya maji. Hapo tendo limekwisha kuganda likawa kitu.

Neno "understanding" latoa ushahidi wa ziada. Katika "Understanding a poem takes time" ni jerandi yenye nguvu ya kitenzi. Katika "an understanding between the two families" ni jina kamili, na Kiswahili chake ni maelewano au mapatano. Katika "an understanding teacher" si jina hata kidogo, bali ni sifa ya mwalimu aliye mwelewa. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta "-ing" tu atayaona maneno matatu kuwa ndugu wa tumbo moja, na atayatafsiri yote kwa "kuelewa".

Kwa upande wa pili, yapo majina ya vitenzi yasiyo na kiishio hicho: "destruction", "payment", "refusal", "performance", "failure", "breakage". Yapo yasiyotiwa kiishio chochote, kama "a walk", "a fall", "a cry". Yapo yanayotofautishwa na kitenzi kwa mkazo tu: "record" na "permit", yakiwa majina, hukazwa silabi ya kwanza; yakiwa vitenzi, hukazwa ya pili. Yapo pia majina ya watu: "employer" ni mwajiri, "employee" ni mwajiriwa. Sarufi ya darasani huyataja haya, ikiyataja, katika sura nyingine iitwayo uundaji wa maneno, kana kwamba hayana uhusiano na jerandi. Mwanafunzi huondoka na vipande asivyoweza kuviunganisha.

II. Ushahidi wa Historia

Mchanganyiko huu una chanzo chake. Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, mambo yalikuwa wazi zaidi. Kiishio "-ung" au "-ing" kilikuwa cha majina tu: "leornung" lilikuwa jina la tendo la kujifunza, na "huntung" la kuwinda. Kitenzi-sifa, yaani lile umbo la kitenzi linalosifu nomino, kilikuwa na kiishio chake mbali, "-ende". Baadaye, katika enzi ya Kiingereza cha Kati, viishio hivyo viwili vilisogeleana kwa sauti, na hasa sehemu za kusini na kati ya nchi vikawa kimoja. Kufikia mwishoni mwa karne ya 15, "-ing" ilikuwa imeshinda katika lugha iliyokuwa inaelekea kuwa sanifu. Katika enzi hiyo hiyo jina lenye "-ing" likaanza kuchukua yambwa na vielezi kama kitenzi, bila ya kuacha desturi zake za zamani za jina. Kwa hiyo "reading" ya leo ni nyumba moja inayokaliwa na wapangaji watatu, na wote watatu wana hati.

Wanormandi nao walileta Kifaransa, na pamoja nacho viishio kama "-ment", "-ance", "-age" na "-tion". Baadhi ya majina yaliingia mazima, kama "payment". Mengine yaliundwa nyumbani kwa kiishio cha kigeni, kama "acknowledgement". Matokeo yake ni jozi zinazokaa pamoja bila kulingana: "beginning" na "commencement", "destroying" na "destruction". Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangazwa na hali hiyo, kwani lugha yake ina tabaka mbili vile vile. Palipo na "mwendo" na "kwenda" kwa asili ya Kibantu, pana "safari" na "kusafiri", "hesabu" na "kuhesabu", "dhuluma" na "kudhulumu" kwa asili ya Kiarabu. Mwalimu anayetaka kueleza "payment" na "paying" hahitaji kwenda mbali; mfano umo kinywani mwa mwanafunzi.

Lililochafua maji zaidi ni istilahi yenyewe. "Jerandi" ilichukuliwa kutoka sarufi ya Kilatini, ambamo umbo hilo halikutumiwa kuwa kiima cha sentensi. Kazi hiyo ilifanywa na kitenzi-jina. Jerandi ya Kiingereza huwa kiima kila siku. Jina lilihamishwa kutoka lugha moja hadi nyingine bila kupimwa kama linaenea, na mtoto wa shule huko Busia au Lamu analivaa vazi lililokatwa kwa kipimo cha Warumi.

III. Mabishano ya Wanasarufi

Robert Lowth, askofu na mwanasarufi, alikwisha kuiona tofauti ya njia mbili katika kitabu chake cha mwaka 1762. Aliamuru kwamba "the" na "of" ziende pamoja au ziachwe pamoja. Mwandishi asitie moja na kuiacha nyingine. Lowth hulaumiwa leo kwa kuwa mwepesi wa kuwahukumu waandishi kwa kanuni zake, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini katika jambo hili alikuwa ameshika kiini: aliona kwamba mna sarufi mbili, na kwamba kuzichanganya katika kirai kimoja humsumbua msomaji.

Ubishi mkubwa zaidi ulizuka mwanzoni mwa karne ya 20. H. W. Fowler na ndugu yake F. G. Fowler, katika kitabu chao cha mwaka 1906, waliyashutumu matumizi kama "They objected to the boy singing", wakitaka isemwe "the boy's singing". Hoja yao ni kwamba katika sentensi ya kwanza haijulikani kilichokataliwa ni mvulana au ni tendo, na kwamba maneno hayo mawili yameunganishwa kwa namna isiyoweza kuchanganuliwa. H. W. Fowler alilirudia shauri hilo kwa ukali katika kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, alimjibu kwa kuonyesha wingi wa mifano kutoka kwa waandishi wa kuheshimika, na kwamba mtindo huo umekua kwa njia ya kawaida ya lugha.

Katika ubishi huo Jespersen ndiye aliyeshinda kwa ushahidi. Sarufi haiwezi kuyaita makosa yale yanayotumiwa na mabingwa wa lugha kwa karne nyingi. Hata hivyo, swali la Fowler halikufa: ni nani mwenye tendo, na amefungwa na tendo lake kwa namna gani? Swali hilo ndilo linalomhusu mfasiri, na ndilo linalorukwa na fasili ya darasani.

Nusu ya pili ya karne hiyo ilileta zana mpya. Robert Lees, mwaka 1960, alijaribu kuonyesha jinsi nomino hizo zinavyozalishwa na sentensi kamili kwa kanuni za ugeuzaji. Miaka 10 baadaye Noam Chomsky alizitenga jerandi na nomino za kunyambuliwa. Jerandi, alisema, huundwa kutokana na karibu kitenzi chochote, na maana yake hutabirika. Lakini nomino kama zile zenye "-tion" na "-al" hazitabiriki kwa maana wala kwa umbo, na mahali pake ni katika kamusi ya lugha. Ukweli wa maneno hayo huonekana hata gereji. "Transmitting" ni kupeleka tu. Lakini "transmission", kwa fundi wa magari, ni mtambo wa gia. Kiswahili kinalithibitisha jambo hilo hilo. "Kusoma" hakuhitaji maelezo kwa ajuaye kitenzi "soma". Lakini "somo", "kisomo", "msomaji" na "msomi" hayakisiwi: msomaji aweza kuwa yeyote aliyeshika gazeti, ilhali msomi ni mtu wa elimu; na somo, licha ya kuwa funzo, ni mtu mlioitwa jina moja.

Hatimaye kundi la Quirk, Greenbaum, Leech na Svartvik, katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, lilionyesha kwa neno "painting" kwamba hakuna ukuta kati ya jina na kitenzi, bali pana ngazi yenye vidato vingi. Huddleston na Pullum, mwaka 2002, walikwenda mbali zaidi: waliunganisha jerandi na kitenzi-sifa kuwa umbo moja la kitenzi, wakayatenga majina kamili yenye "-ing" upande wake. Mtu aweza kuyakubali maoni ya kundi hili au ya lile. Asichoweza kufanya, baada ya kazi hizo zote, ni kuendelea kufundisha kana kwamba fasili ya mstari mmoja imetosha.

IV. Mtenda Aliyefichwa

Tofauti hizi zingekuwa mchezo wa wataalamu tu kama zisingekuwa na athari nje ya darasa. Na ichukuliwe sentensi hii, ambayo yaweza kusikika katika mahakama yoyote: "The witness described the beating of the guard". Je, askari alipiga au alipigwa? Kiingereza hakisemi. Kirai chenye "of" humbeba mtenda na mtendwa kwa mkono mmoja. Hata mchezo wa Shakespeare uitwao "The Taming of the Shrew" hauonyeshi, kwa umbo la anwani yake tu, kama mwanamke mkali ndiye afugaye au ndiye afugwaye. Mtazamaji hutegemea hadithi, si sarufi.

Mkalimani wa Kiswahili hana nafasi ya kujificha hivyo, iwapo atatumia kitenzi-jina. Atasema ama "kupigwa kwa askari" ama "askari kupiga". Kauli ya kutendwa imo ndani ya neno lenyewe, na kiambishi cha yambwa chaweza kuongezwa, "kumpiga askari", hata pasibaki shaka. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kulieleza umbo hili la "ku-" kuwa ni kitenzi na jina kwa pamoja. Na ni sifa zake za kitenzi, yaani kauli, ukanusho na yambwa, zinazomfaa mkalimani hapa. Lakini hiyo ina maana kwamba mkalimani analazimika kujua jambo ambalo sentensi ya Kiingereza haikumwambia. Mkalimani mwaminifu atauliza. Asiyejua kwamba kuna la kuulizwa atachagua kwa kubahatisha, na mtu aweza kuhukumiwa kwa bahati hiyo.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili ni safi pande zote. Majina yake ya kunyambuliwa yana utata ule ule. "Mauaji ya askari" hayasemi kama askari waliua au waliuawa, na "upendo wa Mungu" waweza kuwa wa Mungu kwa waja au wa waja kwa Mungu. Kiunganishi "-a" hufanya kazi ile ile ya "of". Aidha, pako mahali ambapo Kiingereza ndicho kinachopambanua. "I remembered to lock the door" na "I remember locking the door" ni kauli mbili: ya kwanza ni ya mtu ambaye hakusahau kufunga, ya pili ni ya mtu ambaye kumbukumbu ya kufunga imo akilini mwake sasa. "Nilikumbuka kufunga mlango" hutosha kwa ile ya kwanza. Kwa ile ya pili, "ku-" haitoshi. Mfasiri atalazimika kuivunja jerandi na kusema "Nakumbuka kwamba niliufunga mlango". Vivyo hivyo, "He stopped to smoke" ni mtu aliyesimama ili avute sigara, na "He stopped smoking" ni mtu aliyeacha sigara.

Lipo pia suala la tukio na namna. "Her singing surprised the elders" ina maana mbili. Yawezekana wazee walishangaa kwamba aliimba, pengine kwa sababu hawakutazamia aimbe hadharani. Au walishangazwa na ufundi wa sauti yake. Kiswahili kimetenga maneno: "Kuimba kwake kuliwashangaza wazee" huelekea maana ya kwanza, "Uimbaji wake uliwashangaza wazee" huelekea ya pili. Mfasiri wa riwaya asiyeiona tofauti hiyo aweza kumgeuza binti aliyevunja mwiko kuwa binti mwenye sauti tamu.

V. Lugha ya Ofisi

M. A. K. Halliday, katika sarufi yake ya mwaka 1985, aliliita jambo la kugeuza tendo kuwa jina kuwa ni aina ya sitiari, sitiari ya kisarufi. Tendo hufanywa kitu, na kitu huweza kupimwa, kuainishwa, na kuwekwa mwanzo wa sentensi kama msingi wa hoja. Bila ya uwezo huo, lugha ya sayansi ingekuwa na kazi ngumu. Lakini tendo likiwa kitu, mtenda aweza kuondoka kimya kimya. George Orwell, mwaka 1946, alikwisha kuyalalamikia maandishi ya kisiasa ya Kiingereza yanayojaza nomino mahali pa vitenzi.

Lalamiko hilo limevuka bahari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na hilo ni jambo la kushangiliwa. Lakini Kiswahili cha ofisi kingi hutokana na waraka uliofikiriwa kwa Kiingereza. Kila "implementation" imekuwa "utekelezaji", kila "facilitation" imekuwa "uwezeshaji", na mtu hafuatilii tena jambo, bali "anafanya ufuatiliaji". Tangazo husema: "Ubomoaji wa vibanda utafanyika". Nani atabomoa? Kwa amri ya nani? Sarufi imefunga mlango kabla mchuuzi hajauliza. Aandikaye "Askari wa jiji watabomoa vibanda" amesema ukweli ule ule, lakini amemwonyesha mchuuzi mtu wa kumwendea. Kiishio "-aji" si chenye makosa. Ni kiishio cha asili na chenye manufaa. Makosa ni kukitumia kwa sababu tu Kiingereza kilikuwa na "-tion" mahali hapo.

Kinyume cha hayo huonekana katika anwani ya kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha mwaka 1986, "Decolonising the Mind". Angeweza kuandika "The Decolonisation of the Mind", na Kiingereza kisingelalamika. Lakini nomino hiyo ingekuwa mada ya semina, jambo lililokwisha kutokea au linalotokea mahali fulani bila ya mtu. Jerandi isiyo na "the" wala "of" inahifadhi kitenzi na yambwa yake. Ni kazi inayofanywa na ambayo haijaisha. Mfasiri atakayeandika "uondoaji wa ukoloni wa akili" atakuwa ameyatafsiri maneno na kuiua anwani. "Kuikomboa akili" kuna dosari yake, kwani ukoloni hautajwi. Lakini angalau tendo liko hai, na kiambishi "-i-" kinaishika akili kama "the Mind" inavyoshikwa.

VI. Linalopasa Kufundishwa

Kutokana na haya, fasili ya darasani haina budi kubadilishwa, na mahali pake pachukuliwe na maswali. Je, neno hili lina yambwa ya moja kwa moja, au limefungwa kwa "of"? Linaelezwa kwa kielezi au kwa kivumishi? Lina wingi? Mtenda ametajwa, na kama hakutajwa, ni nani? Ni tukio, ni namna, au ni kitu kilichotokana na tendo? Mwanafunzi awezaye kujibu maswali hayo hahitaji kulijua jina la Kilatini. Na asiyeweza kuyajibu, jina hilo halitamsaidia.

Fauka ya hayo, maswali hayo yaulizwe kwa lugha zote mbili, na ikiwezekana kwa lugha ya nyumbani pia, maana lugha nyingi za Kibantu zina kitenzi-jina kinachofanana na "ku-". Somo la Kiingereza na somo la Kiswahili hufundishwa katika shule nyingi kana kwamba ni ya watoto wawili, ilhali hukutana katika kichwa kimoja. Mwanafunzi aliyekwisha kuona tofauti ya "kupiga" na "kupigwa", ya "kuimba" na "uimbaji", amebeba tayari nusu ya sarufi anayoambiwa ni ngumu. Mwalimu akimwonyesha mzigo alioubeba, hatalazimika kumtwika mwingine, na mwanafunzi huyo, atakapokuwa karani, wakili au mfasiri, atajua kumtafuta mtenda hata pale sarufi ilipomficha.